Msikilizaji Asiyecheka

Katika mateso madogo ya utoto ambayo watu wazima huyasahau upesi, moja ni lile la kusimama mbele ya wenzi, kitabu mkononi, na kuamriwa kusoma kwa sauti. Herufi ambazo jana usiku zilikuwa tulivu nyumbani, leo zatawanyika kama siafu. Neno la kwanza hutoka. La pili hukwama. Na kabla ya la tatu kupatikana, kicheko kimekwisha kusikika nyuma ya darasa. Huenda mwalimu hakucheka, lakini amekunja uso, au ametazama saa, au amelitamka yeye lile neno lililokwama, na mtoto amefahamu maana ya jambo hilo. Wahenga walisema kwamba ukali wa jicho washinda wembe. Wembe hukata ngozi, na ngozi hupona. Jicho hukata sauti, na sauti iliyokatwa utotoni pengine hairudi.

Insha hii yataka kueleza historia ya dawa moja iliyobuniwa kwa ajili ya jeraha hilo. Dawa yenyewe ni ya ajabu, na msomaji wa pwani aweza kutabasamu aisikiapo: ni kumketisha mtoto karibu na mbwa mpole aliyefunzwa, na kumwacha amsomee kitabu. Jambo hili lilianza kufanywa kwa utaratibu katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, nchini Marekani, mwaka 1999, na tangu hapo limeenea katika nchi nyingi. Wako waliolidhania kuwa mchezo wa matajiri waliokosa kazi. Wako waliolipokea kama muujiza. Nadhani pande zote mbili zimekosea. Atakayeifuata historia yake kwa utulivu ataona ya kuwa habari hii si ya mbwa hasa. Ni habari ya sikio: sikio la namna gani humfanya mtoto athubutu kusoma, na sikio la namna gani humnyamazisha.

Yatupasa kuanza na sauti kabla ya kumfikia mbwa. Kwa karne nyingi kusoma, kwa watu wengi, kulikuwa ni kusoma kwa sauti. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha maungamo yake alichokiandika karibu na mwaka 400, asimulia alivyostaajabu kumkuta Askofu Ambrosi wa Milano akisoma kimya. Wala sisi hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi. Tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini zilitungwa ili zighaniwe na kusikilizwa. Na neno chuo, ambalo lilitumika kwa kitabu na pia kwa mahali pa masomo, latukumbusha darasa lisilojua ukimya. Humo mtoto alisoma mbele ya mwalimu, na mwalimu alisikiliza kwa nia ya kusahihisha, kwa maana katika Kurani herufi ikipotoka, maana nayo yaweza kupotoka. Sikio hilo lilikuwa na haki yake katika kazi yake. Shida huja pale ambapo mtoto hana sikio jingine ila hilo.

Katika shule za Marekani za karne ya 19 mambo yalikuwa karibu na hayo. Vitabu vya masomo vya William McGuffey, ambavyo vya kwanza vilitolewa mwaka 1836 na ambavyo baadaye viliuzwa kwa mamilioni, vilitumiwa sana kwa kusomwa kwa sauti mbele ya darasa, na ufasaha wa matamshi ulihesabiwa kuwa alama ya elimu. Mwaka 1908 Edmund Huey, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alitoa kitabu mashuhuri juu ya kusoma, akateta kwamba shule zilishughulika mno na utamkaji wa maneno na kuisahau maana iliyomo ndani yake. Katika miaka iliyofuata, kusoma kimya kulipata heshima kubwa madarasani. Kusoma kwa sauti hakukufa, lakini kazi yake nyingine ilikua, nayo ni kupima. Mwaka 1915 William S. Gray alitoa mafungu ya maneno yaliyopangwa kwa daraja, kutoka mepesi hadi magumu: mtoto asoma, mtahini ashika saa na kalamu, na kila kosa laandikwa.

Vipimo vya namna hiyo vina manufaa, na mwalimu asiyepima hajui aliko mwanafunzi wake. Lakini na tutazame lililotukia. Sikio lililokuwa likingoja hadithi liligeuka kuwa sikio la kuhesabu makosa. Mtoto hodari hakudhurika, kwa kuwa makosa yake yalikuwa machache. Aliyedhurika ni yule aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya kusoma kwa sauti, yaani mzito wa ulimi, mwenye kigugumizi, mwenye haya, mgeni wa lugha ya shule. Huyo alijifunza kwamba kila afunguapo kinywa, daftari la makosa hufunguka pamoja nacho. Na kwa akili ya kawaida kabisa akaamua kukifunga.

Madhara ya uamuzi huo hayaishii siku ile. Mwaka 1979 Jay Samuels wa Marekani alieleza njia ya kumsomesha mtoto fungu lile lile mara nyingi mpaka alisome kwa wepesi. Akaonyesha kwamba akili isiyohangaika tena na herufi hupata nafasi ya kushughulika na maana. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijazwi na mtu anayeogopa kutia punje ya kwanza. Naye Keith Stanovich, mwaka 1986, aliitumia methali ya Injili ya Mathayo, isemayo kwamba mwenye kitu ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa, kueleza jinsi tofauti ndogo za wasomaji wachanga zinavyopanuka mwaka hadi mwaka. Asomaye vizuri hupenda kusoma, na kwa kusoma huzidi kuwa hodari. Asomaye vibaya huepuka kusoma, na kwa kuepuka huzidi kuachwa nyuma. Hapo ndipo ilipo hatari ya jambo hili. Kicheko cha dakika moja chaweza kuwa mwanzo wa ujinga wa maisha.

Sasa na tuifuate njia ya pili, njia ya mnyama katika nyumba ya uponyaji, maana ni makutano ya njia hizi mbili yaliyozaa habari yetu. Mwaka 1796, katika mji wa York nchini Uingereza, William Tuke na wenzake wa jamii ya Kikristo iitwayo Marafiki walifungua nyumba ya kutunzia wenye maradhi ya akili. Zama zile wagonjwa kama hao aghalabu walifungwa kwa minyororo na kutendewa kama wasiokuwa watu. Nyumba ya York ilijaribu njia ya upole. Mjukuu wake, Samuel Tuke, alipoieleza nyumba hiyo katika kitabu cha mwaka 1813, hakuacha kutaja kwamba katika nyua zake waliwekwa viumbe wadogo kama sungura, shakwe, kipanga na kuku. Wagonjwa waliwatazama na kuwatunza, na ilidhaniwa kwamba kumtunza aliye dhaifu kuliko wewe huamsha utu uliolala. Naye Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichochapishwa mwaka 1859, alishauri kwamba mnyama mdogo wa kufugwa aweza kuwa rafiki mwema wa mgonjwa aliyelala siku nyingi.

Hayo yalikuwa maoni ya watu wenye huruma. Hayakuwa bado elimu. Hatua iliyofuata ilitokea kwa bahati, katika mji wa New York, katika miaka ya 1950. Boris Levinson, mtaalamu wa maradhi ya nafsi za watoto na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Yeshiva, alikuwa na mbwa aitwaye Jingles. Siku moja mama mmoja alifika na mwanawe kabla ya saa waliyoagana, na mbwa alikuwa bado chumbani. Mtoto yule alikuwa amejitenga na watu, na matibabu ya kwanza yalikuwa hayakumfaa. Jingles alimwendea na kumlamba. Mtoto hakushtuka, alimkumbatia mbwa, akataka kurudi tena kucheza naye. Katika siku zilizofuata mtoto alizungumza na mbwa kwanza, na kwa njia ya mbwa akafika kuzungumza na mganga.

Mwaka 1961 Levinson aliyaeleza hayo mbele ya mkutano wa wataalamu wenzake wa Marekani. Yasimuliwa kwamba baadhi yao walimcheka, na mmoja akauliza kwa dhihaka kama mbwa naye alipewa sehemu yake ya malipo. Jambo hili lafaa kukumbukwa. Mtu aliyekuja kuwaambia wanazuoni kwamba mtoto aliyenyamaza huhitaji msikilizaji asiyecheka, yeye mwenyewe alisimama mbele ya wasikilizaji akachekwa. Lakini alikuwa mtu mzima, na hakunyamaza. Mwaka 1962 alichapisha insha aliyomwita mbwa ndani yake mganga mwenza, na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima. Katika miaka ya 1970 Samuel na Elizabeth Corson, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, waliwajaribu mbwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kicheko kikaanza kupungua.

Njia hizi mbili, ya sauti na ya mnyama, zilikaribiana mwaka 1983. Katika mwaka huo Erika Friedmann, Aaron Katcher, James Lynch na wenzao walitoa matokeo ya jaribio lililohusu watoto, nalo lilikuwa jepesi kulifahamu. Watoto walipimwa shinikizo la damu walipokuwa wamepumzika na walipokuwa wakisoma kwa sauti, mara mbwa mpole akiwapo chumbani, mara asiwepo. Kusema na kusoma mbele ya mtu hupandisha shinikizo la damu. Mwili hujua hofu hata ulimi ukiikana. Ilionekana kwamba mbwa alipokuwapo, shinikizo lilikuwa chini zaidi, katika kupumzika na katika kusoma vile vile. Ilionekana pia kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi mbwa alipokuwapo tangu mwanzo kuliko alipoletwa katikati. Hofu iliyozuiwa mlangoni ni nyepesi kuliko hofu iliyokwisha kuketi.

Watafiti hao hawakuwa na nia ya kuanzisha darasa la kusoma. Ilihitajika miaka mingine 16 kabla ya mtu kulitwaa wazo hili na kulipeleka maktabani. Katika Salt Lake City kilikuwapo chama kiitwacho Intermountain Therapy Animals, kilichoundwa mwaka 1993 ili kuwapeleka wanyama wapole kwa wagonjwa na wazee. Mmoja wa halmashauri yake, Sandi Martin, alikuwa mwuguzi, na alijua jinsi mbwa awapunguziavyo wagonjwa wasiwasi. Alijiuliza swali ambalo, kama maswali mengi mazuri, laonekana rahisi baada ya kuulizwa: ikiwa mbwa humtuliza mgonjwa kitandani, je, hawezi kumtuliza mtoto mbele ya kitabu? Yeye mwenyewe alikuwa na mbwa aitwaye Olivia, wa mbegu iliyofugwa zamani na wavuvi wa Ureno. Mwezi wa Novemba mwaka 1999 kazi ilianza katika maktaba ya mji, na mwaka uliofuata ikaingia shuleni.

Yafaa tueleze namna kazi yenyewe inavyofanywa, maana ndani yake imo hekima ambayo haionekani kwa mbali. Mbwa hachaguliwi kwa uzuri wake. Huchunguzwa afya, usafi na tabia. Hutazamwa kama astahimili kelele, kushikwa na mikono mingi, na kitu kuanguka ghafula karibu naye. Mwenyewe naye hufunzwa na kujaribiwa, kwa sababu hawaendi mbwa pekee. Huenda mbwa na mtu. Watatu hao, yaani mtoto, mbwa na mwenye mbwa, huketi chini juu ya mkeka au zulia, mbali na macho ya wengine, kwa muda usiofika nusu saa. Mtoto huchagua kitabu. Husoma huku mkono wake ukipapasa manyoya, na mara nyingine humgeuzia mbwa kitabu ili aone picha. Mbwa hulala, hupumua, huinua sikio. Hamwambii mtoto afanye haraka. Hamlinganishi na ndugu yake. Halijui neno lililoachwa, wala hashangai neno moja likirudiwa mara tano.

Hekima kubwa iko kwa yule mtu wa tatu. Mtoto akwamapo, mwenye mbwa hamsahihishi kwa jina lake mwenyewe. Huweza kusema, "Olivia hajapata kulisikia neno hili, je, waweza kumweleza maana yake?" Kwa maneno hayo machache vyeo vimegeuka. Mtoto aliyekuwa wa mwisho darasani sasa ndiye mwalimu, na aliye mjinga ni mbwa. Kosa halikufichwa, na neno gumu halikurukwa. Lakini kazi ya kulitafuta imekuwa msaada kwa rafiki badala ya deni kwa mkuu. Hata mwisho wa kazi una adabu yake: baada ya siku kadhaa za kusoma, mtoto hupewa kitabu kiwe chake, chenye alama ya unyayo wa mbwa kana kwamba ametia sahihi. Asiyewaelewa watoto aweza kuliona hilo kuwa upuuzi. Awaelewaye hujua kwamba kitabu cha kwanza ambacho mtoto anakiita changu ni mlango.

Kutoka Utah desturi hii ilifika katika majimbo mengine ya Marekani, kisha Kanada, Uingereza, Italia, Finland na kwingineko. Magazeti yaliipenda, maana picha ya mtoto na mbwa haihitaji maelezo. Lakini kupendwa na magazeti si hoja, na mwanafunzi wa historia yampasa aulize: je, ilithibitishwa?

Ushahidi mmoja mzuri watoka katika bara letu. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Afrika ya Kusini, Marieanna le Roux, Leslie Swartz na Estelle Swart, walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya watoto 102 wa darasa la tatu waliokuwa dhaifu katika kusoma. Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilimsomea mbwa akiwa pamoja na mwenyewe. La pili lilimsomea mtu mzima. La tatu lilimsomea mwanasesere mwenye umbo la dubu. La nne halikuongezewa lolote juu ya masomo ya kila siku. Baada ya majuma 10, waliomsomea mbwa walionekana kuwazidi wengine katika kuyafahamu waliyoyasoma.

Matokeo haya yatulazimisha kufikiri zaidi. Kama siri yote ingekuwa ni kukosekana kwa hukumu, yule dubu wa kitambaa angelitosha, kwa maana hakuna asiyehukumu kama kitambaa. Kama siri ingekuwa ni kusikilizwa tu, mtu mzima angelitosha. Lakini kitambaa hakihukumu wala hakipokei. Na mtu mzima hupokea, lakini mtoto hawezi kusahau kwamba aweza pia kuhukumu. Mbwa aonekana kusimama katikati ya hao wawili: yu hai, yupo, amefurahi kwamba umekuja, wala hana mizani mkononi. Yaelekea kwamba mtoto hataki upweke. Ataka shahidi asiyekuwa hakimu.

Mwaka 2019 Camille Rousseau na Christine Tardif-Williams, huko Kanada, walichapisha uchunguzi mdogo wa watoto 17 wa madarasa matatu ya kwanza. Watoto walipewa kurasa zilizowazidi nguvu kidogo, kisha wakapewa hiari ya kuendelea au kuacha. Mbwa alipokuwapo, waliendelea kwa muda mrefu zaidi. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini ni yule tu asiyeona haya kujikwaa ambaye huendelea kutembea.

Hata hivyo haifai kuupamba ukweli. Mwaka 2016 Sophie Hall, Nancy Gee na Daniel Mills walikusanya na kupima chunguzi 48 za jambo hili. Waliona dalili kwamba mbwa husaidia mwenendo na hali ya moyo ya mtoto asomaye, na kwa njia hiyo pengine usomaji wenyewe. Lakini walieleza wazi kwamba ushahidi mwingi ulikuwa wa daraja ya chini, na kwamba kazi bora zaidi ilihitajika. Basi asitokee mtu wa kudai kwamba mbwa hufundisha kusoma. Mbwa hafundishi herufi hata moja. Mtoto asiyefundishwa na mwalimu hodari atamsomea mbwa mwaka mzima bila kupata alichokosa. Alilo nalo mbwa ni jambo dogo, nalo ni kuuweka mlango wazi ili mafunzo ya mwalimu yapate pa kupita.

Nimesema hapo mwanzo kwamba msomaji wa pwani aweza kutabasamu. Tabasamu lake lina sababu, na si haki kulipuuza. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwalimu ambaye angelimwingiza mbwa darasani Lamu au Unguja asingelimtuliza mtoto. Angelimtia katika fadhaa, na wazazi wake katika hasira. Juu ya hayo, kichaa cha mbwa bado kinaua katika nchi zetu, na wengi wa wanaoumwa ni watoto. Mtoto afundishwaye kumkimbia mbwa asiyemjua amefundishwa jambo la maana. Hili si suala la kumchukia kiumbe, kwani dini hiyo hiyo yasimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ni suala la kujua kwamba dawa ya mahali pamoja yaweza kuwa sumu mahali pengine.

Lakini historia yenyewe imekwisha kutuonyesha kwamba mbwa si sharti. Mwaka 2013, katika wilaya ya Berks, jimbo la Pennsylvania, watoto walianza kuwasomea paka waliokuwa wakingoja wenye kuwachukua. Na paka, kwa mapokeo ya Kiislamu, si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Ajuaye vichochoro vya Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Na katika jimbo la Missouri habari zilienea mwaka 2016 za watoto walioketi mbele ya vizimba vya mbwa waliotupwa, wakiwasomea ili kuwazoeza sauti ya mwanadamu. Huko mambo yaligeuka: aliyekuwa na hofu ni mnyama, na aliyetuliza ni mtoto. Yale yaliyofanyika katika nyua za York zaidi ya miaka 200 kabla yake yalirudi kwa sura mpya, kwamba kumhurumia aliye dhaifu kuliko wewe hukuinua wewe mwenyewe.

Sisi tunaye msikilizaji mwingine, naye ni wa zamani kuliko maktaba ya Salt Lake City. Katika nyumba nyingi za nchi zetu amekuwapo bibi asiyejua kusoma. Barua ilipofika kutoka mbali, ilikuwa kazi ya mjukuu kuisoma kwa sauti, na bibi aliketi mkekani, mikono ikichambua mchele, akisikiliza. Mtoto alikwama, bibi alingoja. Mtoto alirudi nyuma akaanza upya. Bibi hakuona kasoro, maana alitaka habari na si matamshi. Naye alisema neno moja ambalo ni mafunzo makubwa kuliko mengi ya madarasani: "Haya, mjukuu wangu, kisha ikawaje?" Swali hilo halina alama wala daraja. Lamwambia mtoto kwamba kilicho kinywani mwake kina thamani, na kwamba yuko mtu anayekingoja.

Wengi wa wasomaji wa kurasa hizi watakuwa walimu, na darasa la mmoja wao laweza kuwa na watoto 70 na vitabu 10. Hawataweza kumpa kila mtoto nusu saa ya zulia na utulivu. Lakini wanaweza kumpa mtoto kitabu akakisome nyumbani kwa bibi yake, au kwa mdogo wake ambaye hajaanza shule, au mbele ya paka wa jirani aliyelala kizingitini. Wanaweza kutenga saa ya kupima na saa ya kusikiliza, na kumwambia mtoto wazi ni ipi kati ya hizo. Na wanaweza, mara moja moja, kuiweka kalamu chini mtoto asomapo, wasiguse saa, wasilitamke neno lililokwama mpaka atakapoliomba mwenyewe.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na sisi twapenda kuikumbuka methali hiyo tunapotaka kuwa wakali. Tuikumbuke pia kwa upande wake wa pili: aliye mbichi hukunjika upesi, na aliyekunjwa vibaya hukauka hivyo hivyo. Ikiwa ilimbidi mtoto wa Utah amwendee mnyama ili apate sikio lisilocheka, hiyo ni sifa kwa mnyama; lakini pia ni shauri kwa wanadamu waliokuwa karibu naye.